Vijumba chini ya mti, bibi asije akaitwa mchawi!

Wiki iliyopita tulikuwa sebuleni na mapazia, leo tutoke nje twende uani. Na uani penyewe ni mlimani, Lushoto, kwa bibi yangu mzaa mama. Nyuma ya nyumba yake kuna mteremko wenye miti mpaka kule juu.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu, ana miaka saba. Shuleni alionyeshwa kitabu cha picha cha Kizungu, humo akaona bustani yenye vijumba chini ya miti, vimilango kama vya panya, ngazi za changarawe na vijitu vyenye mabawa ya kipepeo. Nilipokwenda kuwasalimia, wimbo ulikuwa mmoja tu: "Mjomba, na sisi tujenge!"

Ningekataaje? Mama yake yuko Dar anahangaika na biashara, mtoto ana mwaka mzima kwa bibi na hana wa kucheza naye. Nikachukua karatasi nikaanza kuchora.

Basi bwana, bibi alipoiona ile karatasi alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, mimi mzee, macho yangu yameshakuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Unataka watu wapite hapo njiani waone vijumba chini ya mti mkubwa, waseme namfuga nani humo?"

Sio siri, nilinyong'onyea. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne sikuwa nimeliwaza hilo. Kwa Wazungu kijumba chini ya mti ni mchezo. Kwetu, mti mkubwa unaweza kuwa mahali pa mizimu, watu huweka sadaka na kitambaa, mtoto hapachezei. Na katika nchi hii hii, huko Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu tu. Hilo si la kucheka.

Ila wenzetu nao wasitutambie. Mwaka 1917 huko Cottingley, Uingereza, Elsie Wright na binamu yake Frances Griffiths walianza kupiga picha za vijitu vyenye mabawa karibu na kijito. Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa Sherlock Holmes, akaingia mkenge, mwaka 1920 akaziandika gazetini kama jambo la kweli. Ilipofika 1983, mabinti wale wakiwa vikongwe, wakakiri kuwa walitumia vikaratasi vilivyokatwa na kushikizwa kwa pini za kofia!

Turudi Lushoto. Tulikaa jikoni watatu tukapanga upya, na mpango wenyewe ndio huu, nawe mwenye kiwanja cha mlimani uunakili.

Kwanza, mahali. Mti mkubwa tumeuacha, na kule juu kwenye kificho pia tumepaacha. Kijiji kitakuwa chini kabisa, karibu na njia, kila apitaye akione. Cha wazi hakina mchawi.

Pili, wenyeji. Mabawa tumeyafuta, kijiji ni cha Sungura na Fisi. Nani hawajui hao? Sungura tunampa nyumba ya kibuyu kilichopasuka, Fisi anapewa chungu cha bibi kilichovunjika mdomo. Mlango wa Fisi uwe mpana, tumbo lake mnalijua.

Tatu, mteremko. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanaanza na mapambo. Mvua za masika zikishuka mlimani zinabeba vyote, mpaka na vibuyu. Anza na ngazi mbili tatu za udongo, zikate mlima kwa usawa. Kingo zake ziwe za mawe makubwa yaliyozama ardhini, sio ya kuwekwa juu juu. Uso wa kila ngazi uinamie kidogo upande wa mlima, maji yapunguze kasi, na pembeni uache mfereji wa kuyatoa. Mizizi ya miti usiikate hata kama inakuudhi, ndiyo inayoshikilia udongo. Kinjia kipite katikati yake.

Nne, mimea. Kivulini pale mahindi hayakubali. Weka kangaga, na ule ujani laini kama zulia unaoota kwenye mawe yenye unyevu. Kisha lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, Saintpaulia. Hilo ni la kwetu bwana! Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Usambara, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu zake, na mwaka 1893 ua likapewa jina lake. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, wakati huku kwao linapungua kwa sababu misitu inakatwa. Kwa hiyo usiende kuling'oa msituni! Omba jani moja kwa mwenye nalo chunguni, chomeka kikonyo chake kwenye udongo wenye unyevu, kivulini, halafu vuta subira wiki kadhaa. Litachipua.

Tano, majirani. Hili kalifanya bibi mwenyewe. Amejifunga kanga yake akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akamwambia, "Wajukuu zangu wanajenga kijiji cha Sungura, leteni watoto." Jumamosi kila mtoto anakuja na jiwe moja, na jioni bibi atatoa hadithi palepale. Mpwa wangu aliyekuwa hana wa kucheza naye ameshahesabu wageni wake, kumi na mmoja.

Usiku akaniuliza, "Mjomba, Sungura atakuja kweli?"

Bibi akadakia, "Akija atakuwa amefuata mchicha wangu, na mimi nitamfukuza."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.