Mlima Gelai Umelala Nairobi

Wiki hii twawaomba wasomaji wetu, na hasa akina mama, mtustahamilie kidogo, maana maudhui yetu ni chuma, moshi na masizi. Tuna sababu, nayo mtaiona mbele.

Katika Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu ya Nairobi, imesimama injini ya mvuke yenye nambari 5918. Rangi yake ni damu ya mzee na jina lake ni Mount Gelai. Urefu wake wapita mita 31, na ikijazwa maji na mafuta uzito wake hufika tani 252 hivi. Iliundwa Manchester, Uingereza, katika karakana ya Beyer, Peacock, pamoja na ndugu zake 33, kati ya mwaka 1955 na 1956. Kila mmoja wao alipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai ni mlima wa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Hakukuwa na injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja, popote duniani, iliyozishinda hizi kwa nguvu. Leo, katika thelathini na nne hizo, zimebaki mbili tu: hiyo Mount Gelai, na nambari 5930, Mount Shengena, iliyobeba jina la mlima wa Upare. Nyingine zote zilikatwakatwa zikauzwa chuma chakavu.

Kazi ya injini hizi ilianzia mlangoni petu. Meli ikiteremsha shehena Kilindini, wao ndio waliokuwa wakiipandisha bara. Mombasa iko usawa wa bahari na Nairobi iko juu kwa mita zaidi ya 1,600, na baina yao pana reli ya kilomita 530 yenye kona na miinuko tangu Mazeras. Injini moja ya aina hii ilivuta treni ya tani 1,200 katika njia hiyo, ikakata nyika ya Taru kavu hadi Voi, kisha Mtito Andei, kisha Makindu. Wazee wa Changamwe na Makupa watawaambia kwamba ikianza kuondoka usiku, hata vyombo vya kabatini vilijua.

Iliwezaje kuwa kubwa hivyo na bado ikapita kwenye kona? Hapa ndipo penye hekima yake. Tazameni watu wawili wakibeba kitanda cha kamba katika vichochoro vya Mji wa Kale. Wakifika penye kona, wa mbele hugeuka kwanza na wa nyuma hufuata, na kitanda chenyewe hukaa katikati bila kugusa ukuta wa mtu. Injini hii imeundwa hivyo hivyo. Mbele pana mashine kamili yenye magurudumu yake na tangi la maji juu yake. Nyuma pana mashine nyingine kamili, nayo imebeba mafuta na maji zaidi. Na katikati, juu ya fremu iliyoegemea mashine hizo mbili, limelazwa boila. Kwa kuwa chini ya boila hapana magurudumu, mafundi waliweza kulinenepesha watakavyo na kulipa tanuri pana lenye kina. Uzito wote nao ukagawanyika juu ya ekseli nyingi, reli isielemewe mahali pamoja.

Aliyelibuni jambo hilo ni Mwingereza, Herbert William Garratt, mhandisi aliyezunguka kufanya kazi katika reli za nchi nyingi, Argentina, Peru na Lagos zikiwa miongoni mwazo. Alifariki mwaka 1913, kabla hajaona uzao wa fikra yake ulivyotapakaa. Kenya ilizipokea injini za aina yake mara ya kwanza mwaka 1926. Lakini injini ya kwanza kabisa iliundwa mwaka 1909, katika karakana ile ile ya Manchester, ikapelekwa kisiwa cha Tasmania, Australia, kwa reli nyembamba ya migodini ambayo upana wake haufiki hata mita moja. Iliitwa K1. Uzito wake ni zaidi kidogo ya tani 30. Ukiisimamisha kando ya Mount Gelai, ni ngalawa kando ya meli.

Basi sikilizeni mambo ya K1. Reli yake ya migodini ilipofungwa, ilikaa huko ikila kutu. Mwaka 1947 karakana iliyoiunda iliinunua na kuirudisha Manchester iwe ukumbusho. Karakana yenyewe ikafungwa mwaka 1966, na injini ikauzwa kwa watu wa reli ndogo ya Ffestiniog, huko Wales, ambao hata njia ya kuitembeza hawakuwa nayo, kwa kuwa kimo chake kilizidi madaraja yao. Ikawekwa, kisha ikaonyeshwa miaka mingi katika makumbusho ya reli ya York. Watu walipita, wakaitazama, wakaenda zao.

Wakati huo, katika milima ya Wales, palikuwa na reli nyingine nyembamba iliyokufa tangu mwaka 1937, mataruma na vyuma vyake vikang'olewa wakati wa vita. Kuanzia mwaka 1997 watu waliamua kuijenga upya. Fedha zilitoka sehemu mbalimbali, za serikali zikiwemo, lakini jasho jingi lilikuwa la watu wa kujitolea: walimu, makarani, wastaafu, vijana wa shule, waliokuja mwisho wa wiki kufyeka vichaka na kulaza reli kwenye mvua. Mwaka 2011 njia ilikamilika, kilomita 40 toka Caernarfon hadi Porthmadog, ikipita chini ya mlima Snowdon. Huiita Welsh Highland Railway. K1 ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikafanyiwa boila jipya, na katika miaka ya 2000 ikawashwa moto tena. Ilivuta abiria katika njia hiyo ikiwa na umri wa karibu miaka 100. Na katika reli hiyo hiyo kuna nambari 143, iliyofanya kazi Afrika Kusini, ambayo ni injini ya mwisho ya mvuke kutoka karakana ya Beyer, Peacock, ya mwaka 1958. Kitinda mimba na kifungua mimba wamekutanishwa ugenini.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba kuitembeza injini ya mvuke ni kufungua ufunguo kama gari. Moto huwashwa saa kadhaa kabla ya safari, polepole, kwa kuwa chuma kikipashwa moto kwa haraka hutanuka vibaya na viungo huvuja. Mtu hulala mapema ili aamke alfajiri kwa ajili yake. Boila hukaguliwa kila mwaka, na kila baada ya miaka 10 hivi, huko Uingereza, hufunguliwa lote na kurekebishwa. Anayetaka udereva huanza kwa kufuta masizi na kupaka grisi, kisha huwa mtia moto, na huenda ikapita miaka mingi kabla hajaachiwa usukani. Elimu hii haipatikani kitabuni peke yake. Hupokewa mkono kwa mkono, mwanafunzi akisimama kando ya mwalimu wake kwenye joto. Sisi tuliosoma chuoni, tukishika ubao mbele ya mwalimu, twaijua njia hiyo ya kusomeshwa wala hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mount Gelai nayo ilipata kuamka. Makumbusho ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, zama za Reli ya Afrika Mashariki, huku injini za dizeli zikizidi kuchukua nafasi. Kufikia mwaka 1980 hivi kazi ya mvuke ilikuwa imekwisha nchini. Kisha mwaka 2001 nambari 5918 ilitengenezwa ikawashwa, ikavuta safari za wageni na wapenzi wa reli. Iliwezekana kwa sababu bado walikuwepo wazee waliojua. Chuma kilikuwepo na mikono ilikuwepo. Chuma kingali kipo.

Hapa ndipo tunapokuja kwa mama mmoja wa darsa yetu. Marehemu mumewe alikuwa mtia moto katika injini hizi alipokuwa kijana. Alimwachia sanduku la bati, na ndani yake mna taa ya ishara yenye kioo chekundu na cha kijani, kofia, na daftari. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuipa taa bei. Watoto wasema iuzwe, maana imekaa tu. Mama akatuuliza mambo mawili: je, ana ruhusa ya kuiuza? Na je, kuhifadhi vyuma vikuukuu, iwe taa moja au injini ya tani 252, si israfu na hali watu wana njaa?

Swali la kwanza ni jepesi. Taa ile ni katika mali aliyoiacha marehemu, na mali aliyoiacha ni ya warithi wote baada ya kulipwa madeni na wasia. Mama hawezi kuiuza kwa shauri lake, wala mtoto mkubwa kwa shauri lake. Na wakae waijadili.

La pili tulilifikiri zaidi. Wapo wanaosema: reli ile ililetwa na mkoloni kwa faida yake, ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kwa gharama ya roho za vibarua wa Kihindi zipatazo 2,500, pamoja na Waafrika ambao hesabu yao haikushughulikiwa hivyo, basi injini zake zioze. Twauheshimu uchungu huo. Lakini chuma kikioza hakiozi na dhulma. Huoza na ushahidi. Katika makumbusho hayo hayo ya Nairobi limo behewa ambalo simba alimtoa ndani yake afisa Charles Ryall, kule Kima, mwaka 1900. Watoto hulikimbilia hilo kwanza, na mzazi mwenye akili hupata hapo nafasi ya kuwauliza: na vibarua waliolala kwenye mahema, nani alihifadhi majina yao?

Jina moja lilihifadhiwa, tena si kwa hisani ya serikali. Mackinnon Road, kando ya reli, pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyekuja kuijenga njia hiyo. Hatutaki kuingia hapa katika visa vya karama vinavyosimuliwa juu yake. Hiyo ni darsa nyingine, na ndefu. Tutakalo ni kwamba wasafiri waliendelea kumtaja, na husimuliwa kwamba madereva walipiga honi wakipita hapo, bila kujali dini zao. Hivyo ndivyo mfanyakazi mmoja alivyosalimika kusahauliwa: kwa midomo ya wafanyakazi wenzake.

Ama israfu, ni kutumia pasipo faida, na faida si ya tumbo peke yake. Hata hivyo tulimwambia mama waziwazi kwamba injini iliyosimamishwa tu, ikapakwa rangi kila baada ya miaka, bila mtu wa kuijua, yakaribia kuwa hivyo. Rangi huficha kutu. Watu wa Wales hawana utajiri wa kututisha. Walichotangulia nacho ni kwamba kijana wa miaka 16 huko humkuta mzee wa miaka 70 ndani ya karakana, wakapitisha Jumamosi nzima wakifungua valvu moja.

Kisha tukamwomba atuonyeshe daftari. Mnunuzi wa chuma hakulitaka. Kwake lingekuwa karatasi ya kufungia bajia. Mna ndani yake, kwa herufi za Kiarabu na lugha yetu, nambari za injini, majina ya stesheni, saa za kufika, na maneno machache pembeni. Mahali pamoja ameandika kwamba moto ulikataa kuanzia Samburu. Mahali pengine, kwamba dereva alimsifu. Hakuna mwanawe mmoja anayeweza kulisoma, kwa kuwa waliachia chuoni mapema. Mjukuu wa kike, aliye darasa la saba, ndiye aliyekaa na sisi akafuatisha herufi kwa kidole, akatoka na «Mariakani», akacheka.

Nyumba za namna hii ni nyingi kwetu. Tangu treni mpya ianze mwaka 2017 reli ya zamani imeachiwa mizigo zaidi, na waliofanya kazi enzi za mvuke, waliobaki, wengi wao wamepita miaka 70. Wako barazani, wanangoja adhana ya alasiri, na hakuna awaulizaye kitu ila kama wamekunywa dawa. Likizo ikifika, mwenye uwezo awapeleke wanawe Nairobi waione Mount Gelai. Lakini kabla ya nauli, na aanze nyumbani au kwa jirani. Mpe mtoto kalamu. Mzee asiulizwe habari za reli kwa jumla, atasema ilikuwa nzuri na kunyamaza. Aulizwe mambo madogo: alikula nini njiani, alilala wapi Voi, nani alimfundisha. Injini zile zilichoma mafuta mazito, na mtia moto mzuri hakuyatazama mafuta, alitazama moshi. Ukiwa mweusi mafuta yamezidi, ukipotea kabisa hewa imezidi. Baina ya hizo mbili palikuwa na rangi moja tu iliyo sawa. Aulizwe ilikuwa rangi gani.