India ilivyowanoa waliokuja kuichapa

Timu ikibeba ubingwa mara saba mfululizo, shabiki wa soka anauliza kwanza: refa ni wa nani? Kwenye kabaddi ya Michezo ya Asia swali hilo halikuwa na maana. Tangu mchezo huo uanze kushindaniwa medali, Beijing mwaka 1990, hadi Incheon 2014, dhahabu zote za wanaume zilikwenda India. Wengine walikuwa wanagombea fedha.

Kwa asiyeujua, ni watu saba kwa saba. Mmoja anavamia upande wa wapinzani huku akitamka “kabaddi, kabaddi” bila kuvuta pumzi, anagusa mtu, kisha anatakiwa arudi kwao ndani ya sekunde 30. Akidakwa huko, kwisha habari yake. Fikiria winga kaingia boksi peke yake na mabeki wote wanaruhusiwa kumkamata miguu!

Mwaka 2014 India ikaanzisha ligi ya kulipwa, Pro Kabaddi, na wageni wakasajiliwa. Akaja Fazel Atrachali wa Iran, akaja Jang Kun Lee wa Korea Kusini, na baadaye hata Wakenya wakapata mikataba. Hao jamaa walikaa kambi moja na mastaa wa India, wakajua nani akibanwa anakimbilia wapi. Mwaka huohuo Incheon, Iran ilifungwa fainali 27-25 tu. Dalili ilikuwepo.

Jakarta 2018 ndiyo ikawa kilio. Korea Kusini ikaichapa India 24-23 kwenye makundi, halafu Iran ikaitoa nusu fainali kwa 27-18 na kwenda kubeba dhahabu. Kinadada nao? Iran 27, India 24, fainali. Na kocha wa hao kinadada wa Iran alikuwa Mhindi, Shailaja Jain.

Kipigo kama hicho ndicho huwafanya watu waseme wageni wafukuzwe ligini. Mimi nakataa. Bingwa asiyefungika anauza tiketi kwa mashabiki wake tu.

Angalia Hangzhou, michezo ya 2022 iliyosogezwa hadi 2023. India na Iran tena fainali. Zikiwa zimebaki dakika chache, ubishi wa pointi ukasimamisha mechi karibu saa nzima, wachezaji wamekaa chini uwanjani. India ikashinda 33-29, na safari hii dhahabu hiyo waliitolea jasho kwelikweli.