Mpe jirani shina, si majani tu

Nyuma ya jiko langu kuna tuta dogo la vitunguu majani. Si mradi wa biashara. Ni mboga ya kukimbilia jioni, mayai yakiwa tayari kwenye kikaango na ndani hakuna kitunguu maji hata kimoja. Unakata majani machache kwa kisu, vidole viwili juu ya udongo, unaliacha shina, na baada ya wiki chache majani yameota tena.

Mwaka juzi jirani yangu alikuja kuomba mbegu. Nilimkatia fungu la majani, tena kubwa, nikamwambia, "Haya mama, kapike." Alishukuru, akaondoka. Juma lililofuata alirudi, nikamkatia tena. Nilijiona mkarimu. Lakini yule mama hakuomba majani. Aliomba shina, nami sikutaka kuchimbua tuta langu.

Msimu ule ule vitunguu vyangu vikaanza kudhoofu. Majani yakawa membamba kama uzi, ncha zikageuka manjano, katikati ya shina pakakauka. Niliongeza samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni, bila nafuu. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka kijijini, alilitazama tuta mara moja tu. "Mwanangu, hivi vimebanana. Miaka mitatu hujavitenganisha. Lete jembe."

Alichimbua shina zima, nami roho ikaniuma. Akakung'uta udongo, akaachanisha kwa vidole, taratibu, mafungu ya miche minne au mitano, kila fungu na mizizi yake. Akapunguza majani yakabaki na urefu wa kidole. Akapanda fungu hadi fungu shibiri moja, akamwagilia jua lilipopoa, akafunika kwa majani ya mgomba yasiungue. Kwenye shina moja tulipata mafungu tisa. "Matano yako," akasema, "na haya manne mpelekee jirani." Nikapeleka. Majani yaliyokatwa aliyatia kwenye maharage usiku ule, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, maana yakichemka sana harufu yake nzuri hupotea.

Mpendwa msomaji, nimelikumbuka tuta hilo kwa sababu ya mjadala ninaousikia katika sharika nyingi. Mtaa fulani umekua. Waumini wamejenga kanisa kwa mikono yao, wanayo jumuiya hai, vijana na kwaya. Wanaomba kuwa usharika unaojitegemea. Wazee wa usharika mama wanasita. Hoja inayotajwa kikaoni ni kwamba hawajakomaa. Hoja isiyotajwa ni kwamba wakiondoka, matoleo yatapungua. Na kwa ndugu zetu Wakatoliki, kigango kinapoomba kuwa parokia, hofu hiyo haiko mbali.

Maoni yangu ni haya: mengi tunayoyaita malezi ni kukata majani. Tunawapelekea mchungaji mara moja moja, tunawaazima vyombo vya muziki, tunawasaidia mabati, na kila Jumapili hesabu ya sadaka inarudi kwetu. Tunatoa, ndiyo, lakini tunatoa kile kitakachowafanya warudi kuomba tena. Anayepewa majani atakusifu kila juma. Anayepewa shina hatakuhitaji tena kwa namna ile ile, na hapo ndipo penye ugumu.

Biblia inavitaja vitunguu katika Hesabu 11:5, pale Waisraeli walipolilia mboga za Misri. Wahubiri wengi tunaishia hapo, tukawakemea kwa manung'uniko. Tusome mbele kidogo. Musa analemewa, anamwambia Mungu kwamba hawezi kuwabeba watu wote peke yake. Jibu la Mungu linamhusu Musa mwenyewe: awakusanye wazee sabini, na sehemu ya Roho iliyo juu yake iwekwe juu yao. Hatusomi popote kwamba Musa alipungukiwa. Aliyeona wivu ni Yoshua, aliposikia Eldadi na Medadi wanatabiri kambini. Akataka wakatazwe. Musa akamjibu kwamba angetamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Katika vikao vyetu, akina Yoshua tunao wengi. Akina Musa ni wachache.

Kanisa la Antiokia nalo lilikuwa na walimu wazuri. Katika Matendo 13, Roho aliwaomba wawili kati yao, Barnaba na Sauli. Wakafunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Hawakutoa watu waliowachoka.

Najua wazee wanaosita si watu wabaya wote. Mshahara wa mchungaji ni wa kweli, deni la jengo ni la kweli. Wala mama yangu hakutupa mche mmoja mmoja juani akasema umejitegemea. Alipanda fungu lenye mizizi, akalipa maji na kivuli. Basi mtaa usiachwe mikono mitupu: uende na baadhi ya wazee wenye uzoefu, usaidiwe mshahara kwa kipindi kilichokubaliwa. Lakini kipindi hicho kiandikwe, kiwe na mwisho. Maana tusipogawa kwa upendo, siku moja tutagawanyika kwa ugomvi, na shina linalong'olewa kwa hasira huacha mizizi ardhini.

Mwaka jana tulijenga kisimamio cha tangi la maji, na mafundi wakamwaga kokoto na saruji juu ya tuta langu. Hakikubaki kitunguu hata kimoja. Jioni moja nilijikuta nimesimama mlangoni kwa yule jirani, nikiona haya, nikiomba mbegu. Angeweza kunikatia majani. Alichukua jembe, akachimbua shina kubwa kuliko lolote nililowahi kumpa, akalifunga kwenye mfuko pamoja na udongo wake.

Vitunguu ninavyokula leo ni vile nilivyovitoa. Vile nilivyojibakizia viko chini ya saruji.

Mzee wa kanisa unayesoma safu hii kabla ya ibada, barua ya mtaa ule ipo kwenye faili, na pengine ni mwaka wa tatu sasa. Itoe. Iwekeni mezani kikao kijacho, ombeni, kisha mchukue jembe. Jumapili njema.