Kabla ya kompyuta, mpe tuta

Kila nikienda nyumbani Nyamira naulizwa: huyu mtoto afanye nini awe mtu wa kompyuta kama wewe? Nikijibu "mtafutie jembe" watu hucheka. Sitanii jamani!

Shuleni nilikuwa mwanachama wa 4-K. Kwa wasomaji wangu wa Tanzania: ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilabu vilivyoanza 1962 kwa mfano wa 4-H ya Marekani. Kila kikundi kilipewa tuta. Sisi tukapanda chinsaga, ile mboga chungu ambayo wengine mnaiita mgagani. Haikuota. Mwalimu hakutukemea wala kutupa mbegu nyingine, alisema tu tutafute sababu. Tukalaumu maji, tukamwagilia zaidi. Wapi! Tukadhani tumezifukia mno, tukapanda upya juujuu. Bado. Na wenzetu wa tuta la pili, udongo ule ule, yao imejaa! Tofauti ilikuwa moja: mbegu zao zilikuwa za mwaka uliotangulia, zimehifadhiwa na nyanya wa mmoja wao. Zetu tulikuwa tumezikusanya juzi tu, na mbegu mpya ya chinsaga hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota.

Leo programu ikinigomea nafanya vivyo hivyo. Nabadilisha kitu kimoja, naangalia, ndipo nabadilisha kingine. Chuoni hakuna aliyenifundisha hilo.

Serikali ilivizindua upya vilabu hivi mwaka 2021, na mtaala wa umilisi ulioanza 2019 unadai kazi za mikono. Vizuri. Lakini pita kwenye saiba yoyote mjini Kisii jioni umwone mzazi akichapisha picha za mboga ambazo mtoto alipaswa kuzipanda. Hapo aliyejifunza ni nani? Mwenye saiba, labda. (Hata vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi 2016, nimewahi kuviona vimefungiwa kabatini visije vikaharibika.)

Wazazi, mwacheni mtoto akosee. Najua mashamba yetu yamegawanywa hadi yakawa vipande, lakini gunia la udongo mlangoni latosha chinsaga. Isipoota, msikimbilie kumnunulia mche sokoni. Muulizeni amebadilisha nini.

Wale wa tuta la pili walituuzia mbegu zao kwa penseli mbili. Mpaka leo naona walitupunja.