Usihukumiwe kwa sahani moja ya pilau

Siku hizi, tangu Likoni hadi Lungalunga, si ajabu kumwona mtu mzima akisukuma kando sahani ya sima. Ameacha mahamri, ameacha wali wa nazi, ameacha muhogo, hata embe hagusi. Chakula chake ni samaki, nyama, mayai, mboga na mafuta. Huu ndio mlo unaoitwa keto, ambao hupunguza wanga hadi chini ya gramu 50 kwa siku, na wengine hushuka hadi gramu 20. Wapo walioufuata kwa mwaka mzima, na wapo waliotimiza miaka mitatu. Wengi wao wamepungua uzito. Sina ugomvi nao.

Ninalotaka kulizungumzia leo ni jambo ambalo hawaambiwi wanapoanza: mtu aliyeacha wanga kwa muda mrefu hupoteza kwa kiasi fulani uwezo wa kuustahimili. Asipolijua hili, na aliyempima asipolijua, anaweza kubandikwa ugonjwa asiokuwa nao.

Hebu, msomaji, tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 45 anayefanya kazi katika mojawapo ya hoteli za Diani. Kwa miaka miwili hakugusa wanga. Sikukuu ya Idi ikawadia, akaalikwa kwa shemeji yake Msambweni. Pwani yetu mgeni hasusii chakula cha mwenyeji. Akala pilau, akafuatisha kaimati, akateremsha kwa sharubati. Baada ya saa moja akahisi mwili mzito na moyo ukimwenda mbio. Njiani akapita duka la dawa, akachomwa kidole. Sukari: milimoli 12 kwa lita. Akaambiwa ana kisukari, akauziwa vidonge.

Je, mtu huyu ana kisukari? Jibu la kweli ni kwamba kipimo hicho hakiwezi kutuambia.

Sababu yenyewe ni hii. Chembe nyekundu za damu haziwezi kutumia chochote ila glukosi, na ubongo nao unahitaji kiasi chake. Wanga unapokosekana kwa majuma mengi, ini hutengeneza glukosi kidogo kwa ajili ya viungo hivyo. Misuli, ambayo ndiyo mlaji mkubwa, hugeukia mafuta ili isiwanyang'anye wenzake. Kwa maneno mengine, misuli huanza kuikaidi insulini kwa makusudi. Nalo kongosho, ambalo halijaitwa kazini kwa muda mrefu, huchelewa kumwaga insulini ya kutosha pale sahani ya pilau inaposhuka ghafula. Matokeo yake ni kwamba sukari hupanda sana na hukawia kushuka.

Ndiyo sababu pia baadhi ya wafuasi wa mlo huu hushangaa kuona sukari ya asubuhi, kabla ya kula, imefika 5.8 au 6.2, na ilhali hawajaonja hata kipande cha mkate. Mara nyingi huo si ugonjwa. Ni mwili uliojipangia matumizi mapya.

Jambo hili si geni katika utabibu. Harold Himsworth, daktari wa London, alilieleza katika miaka ya 1930. Alionyesha kwamba mtu mzima wa afya akilishwa wanga kidogo kwa siku chache, kisha akanyweshwa glukosi, sukari yake hupanda kuliko ya mwenzake aliyekula wanga wa kutosha. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka anayepimwa kwa kunywa glukosi gramu 75 awe amekula kama kawaida kwa siku tatu kabla ya kipimo, wanga usipungue gramu 150 kwa siku. Kikombe kikubwa cha wali uliopikwa kina wanga wa takriban gramu 45. Hivyo tunazungumzia vikombe vitatu na zaidi kidogo kwa siku, au kiasi kinacholingana nacho cha sima, muhogo au ndizi.

Sasa niulize: ni mara ngapi wewe umepimwa sukari ukaulizwa ulichokula siku tatu zilizopita? Hapa nawageukia wenzangu madaktari, wauguzi na wauza dawa. Swali hilo halihitaji mashine wala fedha. Linahitaji dakika moja. Kwa mama mjamzito uzito wake ni mkubwa zaidi, kwa kuwa kipimo cha kupotosha kinaweza kumtia katika matibabu na hofu bila sababu. Na kusema kweli, mama mjamzito au anayenyonyesha hapaswi kuwa katika mlo wa keto bila daktari kumwangalia.

Wengine watasema basi tutumie kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kile kinachotolewa kwa asilimia. Ni kipimo kizuri, na 6.5 kwenda juu huhesabiwa kuwa kisukari. Lakini tukumbuke tunaishi wapi. Katika pwani hii ya malaria, selimundu na upungufu wa damu ni vitu vya kawaida, na vyote viwili vinaweza kulipotosha jibu. Daktari mwangalifu huweka vipimo viwili pamoja kabla ya kutamka neno kisukari, isipokuwa mgonjwa ana dalili zilizo wazi.

Lakini, msomaji, usije ukayageuza maneno yangu kuwa hirizi. Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni wa hatari zaidi.

Wako wenye kisukari cha kweli walioingia katika mlo huu, sukari ikashuka hadi 5, wakatangaza kwamba wamepona. Sukari kuwa nzuri wakati huli wanga si sawa na mwili kuweza kuumudu wanga. Ni kama mtu mwenye mguu mbovu anayesema umepona kwa kuwa amekaa kitini. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba kisukari kimetulia pale kipimo cha miezi mitatu kinapokuwa chini ya asilimia 6.5, angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa. Hata hapo walichagua neno kutulia, si kupona, na mtu huendelea kupimwa.

Tena si lazima kuacha wanga kabisa ili kufika huko. Katika uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2017, asilimia 46 ya wagonjwa waliopunguza chakula kwa jumla walikuwa wametulia baada ya mwaka mmoja. Mlo wao haukuwa wa keto, wanga ulikuwamo. Kilichowasaidia ni kupungua uzito, na waliopungua zaidi ndio waliofaulu zaidi.

Wengine hunitolea mfano wa Wamasai, wakisema watu hao wameishi bila wanga tangu enzi. Ni kweli kwamba daktari wa Kimarekani, George Mann, aliwachunguza katika miaka ya 1960 akakuta lehemu ndogo katika damu yao ijapokuwa walikula mafuta mengi. Lakini maziwa yana sukari yake, karibu gramu 50 katika kila lita. Morani anayekunywa lita tatu kwa siku amepata gramu 150, kiasi kile kile tulichokitaja kwa ajili ya kipimo. Huyo hayumo katika keto, na mwili wake haujasahau wanga.

Hatari kubwa kuliko zote ni dawa. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akaacha wanga bila kupunguziwa dozi, sukari inaweza kumshuka akazimia akiwa barabarani. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini anaweza kujaa tindikali ya ketoni katika damu huku kipimo cha kidole kikionyesha sukari isiyotisha. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu kwa mtu huyo ni safari ya hospitali, siku hiyo hiyo, wala si jambo la kungojea kesho.

Basi la kufanya ni nini? Kwanza, kabla ya kunyoosha kidole kipimwe, mwambie anayekupima unachokula na tangu lini. Pili, usipime sukari yako baada ya karamu ukajihukumu kwayo. Kama huna kisukari na unataka kujua ukweli, rudisha wanga polepole kwa siku kadhaa, halafu upimwe. Mizani ikipanda kilo moja au mbili katika siku hizo usibabaike. Mengi ya hayo ni maji yanayorudi pamoja na akiba ya wanga katika misuli na ini. Tatu, kama unatumia dawa za kisukari, usijaribu lolote kati ya haya bila daktari wako. Nne, ukiwa na kiu isiyokatika, mkojo wa mara kwa mara, au sukari ya asubuhi ya 7 na zaidi iliyorudiwa, usijifariji kwa makala hii. Nenda Kwale, nenda Msambweni, nenda popote palipo na daktari.

Maoni yangu ni kwamba mlo wa kufuatwa maisha yote uwe ule unaomruhusu mtu kuketi sinia moja na jamaa zake: sima kiasi cha ngumi, samaki, mchunga na mbaazi. Lakini aliyechagua njia ya keto ana haki yake. Ana haki pia ya kupimwa na mtu anayejua mwili wake umebadilika, asije akala sikukuu siku moja akameza vidonge maisha yake yote.