Mkato si Pumzi: Rai juu ya Kufundisha Alama ya Mkato katika Kiingereza

Kila wanachuo wetu wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Arusha mjini, Tengeru, Usa River na Ngaramtoni, sisi wakufunzi wa somo la Kiingereza huketi nyuma ya darasa na kusikiliza. Kanuni moja tumeisikia mara nyingi mno: "Weka mkato mahali unapopumua." Hatuwezi kumlaumu mwanachuo aisemaye, kwani tuliomfundisha ni sisi, nasi tuliipokea kwa waliotutangulia. Katika makala haya twakusudia kueleza kwa nini twaona kanuni hiyo haifai tena, na ni kitu gani kishike mahali pake.

Aliyetuzindua ni mwanachuo mmoja aliyerudishiwa insha yake ikiwa imejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika: "The farmers who live on the slopes of Mount Meru, grow coffee and bananas." Akatuuliza kwa adabu, "Mwalimu, hapa nilipumua. Mbona nimekosa?" Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Ni kweli kwamba kila asomaye sentensi hiyo kwa sauti hupumzika kidogo baada ya neno "Meru". Hata hivyo mkato huo ni kosa, kwa sababu umetenga kiima na kitenzi chake. Wanaolima ni "the farmers who live on the slopes of Mount Meru", maneno yote hayo kwa pamoja. Mwanachuo alitii kanuni yetu, nasi tukamwadhibu kwa utii wake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na asili yake imo katika Kiswahili chenyewe. Mtoto wa huku kwetu husema: "Mama aliamka, akawasha moto, akabeba ndizi, akaenda soko la Tengeru." Sentensi hiyo haina dosari. Kiambishi "ka" ndicho kinachofunga tendo moja na jingine, hata kiunganishi kisihitajike. Mtoto huyo huyo, akiandika Kiingereza, huleta: "Mother woke up, she lit the fire, she carried the bananas, she went to Tengeru market." Kiingereza hakina "ka". Mkato peke yake hauna nguvu ya kuunga sentensi mbili zilizo kamili. Mwalimu asiyelifahamu jambo hili hudhani kwamba mwanafunzi ni mvivu, kumbe mwanafunzi amefuata kwa uaminifu sarufi ya lugha aijuayo vizuri.

Basi yafaa somo lianze na Kiswahili. Mwalimu aandike ubaoni sentensi yenye "ka", awaulize wanafunzi ni kitu gani kinachounga matendo hayo, kisha awaonyeshe kwamba Kiingereza kina njia zake. Ya kwanza ni kuweka nukta na kuanza sentensi mpya. Ya pili ni kuongeza kiunganishi kama "and", "but" au "so". Ya tatu ni kuondoa kiima kinachorudiwa, matendo yakawa orodha ya mtu mmoja: "Mother woke up, lit the fire and carried the bananas to Tengeru market." Hapo mkato umepata kazi yake halali ya kutenganisha vitu vya orodha.

Kosa la tatu lahusu maana yenyewe. Tuzilinganishe sentensi mbili: "The teachers who came late got no tea" na "The teachers, who came late, got no tea." Ya kwanza yasema kwamba waliokosa chai ni wale tu waliochelewa. Ya pili yasema kwamba walimu wote waliotajwa walichelewa, na wote wakakosa chai. Hapa twapendekeza jaribio la kiganja. Mwanafunzi afunike kwa kiganja maneno yaliyo kati ya mikato miwili, asome yaliyobaki. Ikiwa yaliyobaki bado yasema jambo alilokusudia, mikato imekaa mahali pake. Ikiwa maana imebadilika, aiondoe. Jaribio hili halihitaji kitabu wala gharama, na lafaa hata katika darasa la wanafunzi 60.

Wako wenzetu watakaosema kwamba mwanafunzi asiye na msamiati wa kutosha hana haja ya kusumbuliwa na alama ndogo. Twakiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Shule zetu nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia sekondari hukuta Kiingereza ndicho lugha ya masomo. Mzigo wake ni mzito. Lakini alama hizo ndogo hubeba haki za watu. Huko Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ilitaja kazi zisizostahili malipo hayo, na mwisho wa orodha ulisomeka "packing for shipment or distribution", pasipo mkato kabla ya "or". Je, usambazaji ulikuwa kazi ya pekee katika orodha, au ulitajwa kama sababu tu ya kufunga bidhaa? Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba maana haikuwa wazi, ikaamua kwa upande wa madereva. Mwaka 2018 shauri likamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 5.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya mbali. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, nao uliandikwa kwa Kiingereza. Miongoni mwa watoto tunaowafundisha watatoka makarani, wanasheria na viongozi wa vyama vya ushirika watakaotia saini mikataba ya kahawa. Asiyejua kusoma mkato atatia saini asichokielewa.

Twalisema hili pia kwa ajili ya mwanafunzi aliye darasani leo. Tumeona madaftari ambamo mtoto, baada ya kuzungushiwa duara jekundu mara kadhaa bila maelezo, ameacha kabisa kuandika sentensi ndefu. Huandika maneno manne, huweka nukta, na hapati kosa. Wala hajifunzi kufikiri kwa Kiingereza. Hofu hiyo tumeipanda sisi.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu mambo mawili. Kanuni ya kupumua iachwe, na muundo wa sentensi ushike mahali pake. Tena kila mkato unaosahihishwa uandikiwe pembeni sababu yake, japo kwa neno moja. Mwanachuo yule tulimwita tena baada ya wiki mbili, tukamweleza yale tuliyopaswa kumweleza mwanzo. Alilipokea jibu letu kwa furaha. Sisi tulibaki tukiwafikiria waliopita kabla yake, ambao hawakuthubutu kuuliza.