Uduvi wa Ziwa Tanganyika: Makinikia yanayozaliana

Ukitaja makinikia pale Segese, huna haja ya kufafanua. Mgodi wa Bulyanhulu uko halmashauri hiyohiyo ya Msalala. Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia yasisafirishwe nje, hoja ilieleweka hadi vijiweni: usiuze mzigo ambao hujui thamani ya kilichomo ndani.

Sasa ichukue hoja hiyo uipeleke Kigoma, kwa kiumbe chenye urefu wa sentimita moja au mbili tu: uduvi wa maji baridi.

Nani anawataka?

Kuna watu wengi duniani wanaofuga uduvi nyumbani kwenye matangi ya kioo. Si wa kula, ni wa kuangalia. Rangi na uadimu ndivyo vinavyopanga bei.

Mfano ni Mjapani Hisayasu Suzuki. Miaka ya 1990 alipata uduvi mwekundu katikati ya weusi wenye mistari, akawatenga wa namna hiyo na kuwazalisha kizazi baada ya kizazi. Leo aina hiyo inauzwa kila bara. Asili ya uduvi hao ni kusini mwa China, lakini jina na sifa vimebaki Japan.

Hapo ndipo pesa ilipo. Anayevua anauza mara moja, anayezalisha anauza kila mwaka.

Tuna nini sisi?

Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 10 za uduvi wasiopatikana popote pengine duniani. Wa kwanza kuandikwa kisayansi alitangazwa mwaka 1899 huko Uingereza, kutokana na sampuli za msafara wa J.E.S. Moore. Samaki wa mapambo wa ziwa hilo wameuzwa nje kwa miongo mingi, na wengi sasa wanazaliwa kwenye matangi ya Ulaya. Mnunuzi wa huko hahitaji tena kupiga simu Kigoma.

Kanda ya Ziwa nako kuna uduvi, Caridina nilotica wa Ziwa Victoria. Tuwe wakweli: rangi yake ni hafifu, na wengi tunamjua kama chakula cha kuku. Kwa hiyo asije mtu Segese akawauzia vijana ndoto ya utajiri wa kuvua uduvi mtoni.

Ilishatokea

Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Wazungu walilizalisha, wakaliongezea rangi, likawa ua la chungu linalojulikana dunia nzima. Usambara ilibaki na jina kwenye vitabu.

Indonesia wana kisa cha karibuni zaidi. Mwaka 2009 wanasayansi walimpa jina uduvi mwekundu mwenye madoa meupe wa kisiwa cha Sulawesi: Caridina dennerli. Jina hilo linatokana na Dennerle, kampuni ya Ujerumani ya vifaa vya matangi iliyosaidia utafiti. Leo anazalishwa na wafugaji wa nchi nyingi, wakati kwenye ziwa lake la asili, Matano, yuko hatarini kabisa kutoweka. Samaki wageni wameingizwa humo, na ufukweni kuna mgodi mkubwa wa nikeli.

Ziwa na mgodi kando yake. Mtu wa Geita hahitaji kuchorewa hiyo picha.

Tofauti na dhahabu

Kontena la makinikia likiondoka, umepoteza kontena moja. Majike wachache wenye mayai tumboni wakiondoka, umeuza kiwanda kizima. Na kwa kuwa Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, nchi moja ikifunga mlango na nyingine ikiuacha wazi, kufunga hakusaidii sana.

Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka ridhaa na mgawanyo wa faida pale rasilimali za kijenetiki zinapotumika kwa utafiti na uendelezaji. Shida ni kwamba uduvi akiuzwa kama pambo tu, ni rahisi kupita pembeni. Akishafika tangini kwa mnunuzi, nani atafuatilia?

Kifanyike nini?

Kwanza, uzalishaji uanzie hapa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma. Uduvi wa kuuzwa nje atoke tangini, si ziwani, na mzalishaji awe kijana wa pale.

Pili, kwetu kwenye ukanda wa dhahabu, vijito vikaguliwe kabla ya mialo ya kuchenjulia kufunguliwa. Wachimbaji wadogo bado wanatumia zebaki, na zebaki inatulia kwenye tope la chini, palepale uduvi anapokula. Kijito kikifa kabla ya kukaguliwa, hakuna atakayejua tumepoteza nini.

Kwa makinikia, tulianza kudai hesabu baada ya miaka mingi ya makontena kuondoka. Kwa uduvi muda bado upo, ila mfuko mmoja wa plastiki wenye maji unatosha kuumaliza.